Makunyanzi ya pembeni mwa macho: jicho langu la kulia limezeeka kabla ya la kushoto

KiwikoDirishani (mwanzilishi wa uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya humu. Leo naanzisha uzi wangu wa kwanza, na ni mrefu, mnivumilie.

Mimi ni dereva wa matatu hapa Nairobi. Nina miaka 51, na 24 kati ya hiyo nimeimaliza kwenye usukani, mingi ikiwa Thika Road, tangu ikiwa na mashimo mpaka ikawa barabara kuu ya leo. Mwaka jana mwezi wa nne tulipokea wageni wa ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya binti yangu mkubwa. Mpiga picha akatupanga mbele ya hema, jua la saa nane, tukacheka. Picha zilipoingia kwenye simu, binti akaniuliza, "Baba, mbona jicho moja lina mikunjo kuliko lingine?"

Nikaikuza picha kwa vidole. Ni kweli. Pembeni mwa jicho la kulia kuna mistari mitano au sita, mirefu, imeshuka mpaka juu ya shavu, na ngozi yenyewe imekuwa nene na kavu. Kushoto ni mistari mitatu mifupi ambayo haionekani mpaka nicheke. Uso ni mmoja, umri ni mmoja, wazazi ni wale wale. Kwa nini upande mmoja utangulie?

Nilianza kusoma usiku huo na sijaacha hadi leo. Jibu la kwanza nililipata kwenye picha ya mtu mwingine. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori la kusambaza mizigo kwa miaka 28. Marekani dereva huketi kushoto. Upande wake wa kushoto umelegea na kujaa mikunjo mizito, na ule wa kulia ungesema ni wa mdogo wake. Kilichotofautisha pande hizo mbili ni jua la dirishani. Sisi huku tunaketi kulia, na mikunjo yangu iko kulia.

Sasa sikilizeni jambo la vioo, kwa sababu madereva wenzangu wengi hawalijui. Kioo cha mbele cha gari ni tabaka mbili zilizobanwa na utando wa plastiki katikati, na utando huo huzuia karibu miale yote ya urujuanimno. Kioo cha pembeni mara nyingi ni kipande kimoja tu. Kinazuia sehemu kubwa ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, lakini UVA nyingi hupita. Na UVA ndiyo inayozama ndani zaidi, ikaharibu kolajeni na elastini, nyuzi zinazoifanya ngozi ivutike na kurudi mahali pake. Hutaihisi ikikuchoma. Unakuja kuiona baada ya miaka. Halafu mimi hata hicho kioo sikifungi, maana matatu iliyofungwa saa saba mchana kwenye msongamano wa Roysambu haikaliki. Kiwiko dirishani, uso juani, miaka 24.

Na ngozi ya hapo ndiyo iliyo nyembamba kuliko zote mwilini, karibu nusu milimita, na tezi zake za mafuta ni chache. Chini yake kuna msuli wa duara unaolizunguka jicho. Ukicheka unajikaza, ukikabiliana na mwanga mkali unajikaza, ukisoma kibao cha mbali unajikaza. Ngozi changa hukunjwa ikarudi. Ngozi ambayo nyuzi zake zimekatika hukunjwa ikabaki vile vile, kama shati lililokaa kwenye begi.

Kuna kosa moja tunalofanya karibu sote hapa mjini: tunalipima jua kwa joto. Nairobi ina baridi yake, tunavaa sweta mwezi wa saba, tunasema leo hakuna jua. Lakini mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na digrii moja na kidogo tu kusini mwa ikweta. Kila unapopanda mita 1,000 nguvu ya miale huongezeka kwa takriban asilimia 10. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha nguvu ya miale hiyo na linashauri mtu aanze kujikinga kikifika 3. Hapa kwetu, mchana wa Februari au Machi, hupita 11, daraja la juu kabisa la hatari. Wingu jepesi halizuii mengi. Jamaa aliye Mombasa anatokwa na jasho kwa hiyo anatafuta kivuli. Sisi kuna kaubaridi, tunasimama stejini saa nzima uso wazi.

Nina mengine ya kusema, hasa kosa nililolifanya ambalo lingenigharimu macho. Kwanza nasubiri nione kama kuna anayejali jambo hili. Kwa wanaume huwa tunaambiwa ni mambo ya kina mama.

---

Kinyozi wa Umoja

Shikamoo mzee. Tunajali sana. Mimi nanyoa, na kila siku niko na nyuso za watu karibu kuliko hata wake zao. Wateja wangu wa bodaboda wana mikunjo pande zote mbili ilhali wengine hawajafika 35. Upepo, vumbi, mwanga, na wengi hawashushi kioo cha helmeti.

Swali langu: si ngozi nyeusi inajikinga yenyewe? Hiyo ndiyo nimesikia maisha yangu yote.

---

DukaLaDawaUsiku

Ndugu kinyozi, acha nijibu hilo. Mimi ni mfamasia, zamu yangu mara nyingi ni ya usiku, na swali hilo naulizwa kila wiki.

Inajikinga, ila kwa kiasi. Melanini, yaani rangi asilia, ya ngozi nyeusi sana imekadiriwa kuwa na kinga ya takriban SPF 13 (SPF ni namba ya kinga ya jua inayoandikwa kwenye losheni), na ngozi nyeupe 3 hivi. Ndiyo maana mikunjo ya jua kwetu huchelewa, mara nyingi kwa miaka kumi mizima ukilinganisha na Wazungu. Lakini kuchelewa kuna kikomo, na dereva wa miaka 24 dirishani ameshakivuka. Isitoshe, sisi jua linatupiga kwa njia nyingine kabla ya mikunjo: rangi kutolingana, weusi chini ya macho, mabaka mashavuni. Mtu anakuja kwangu akisema "nimezeeka macho" kumbe hana kunyanzi hata moja, ana weusi tu. Mwingine ana vile vipele vidogo vyeusi vya kurithi vinavyoota kuanzia kwenye mashavu mpaka karibu na kope. Vile si makunyanzi wala si ugonjwa, na krimu haiviondoi.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, simama mbele ya kioo mchana, uso umetulia. Mistari ikipotea usipocheka, hiyo ni ya msuli, na ngozi yako bado ina uhai wake. Kazi yako ni kuilinda. Ikibaki hata ukiwa umetulia, imeshaingia ndani. Inaweza kupunguzwa. Anayekuahidi itafutika yote anakuuzia maneno.

Kuhusu losheni ya kukinga jua, kuna utafiti ninaouamini kuliko matangazo yote. Ulifanyika Australia miaka ya tisini na kuchapishwa mwaka 2013. Watu 903 wa chini ya miaka 55 waligawanywa, wengine wakaambiwa wapake kila siku, wengine wapake wanavyopenda. Baada ya miaka minne na nusu, waliopaka kila siku walikuwa na uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24. Wengi wao ni Wazungu, hilo tulikumbuke, lakini kolajeni ni kolajeni.

Chukua SPF 30 au zaidi, na uhakikishe kopo linasema inakinga UVA pia, kwa sababu namba ya SPF inapima UVB. Kipimo ni mistari miwili kwenye vidole viwili, kwa uso na shingo. Ukiwa nje rudia kila baada ya saa mbili. Karibu na macho tafuta ya madini, yaani oksidi ya zinki au titani, kwa sababu hiyo haiwashi sana macho ukitoka jasho. Taabu yake inatuacha weupe kama tumepakwa unga, kwa hiyo tafuta yenye rangi ya hudhurungi. Rangi hiyo ni oksidi ya chuma, na inasaidia pia kuzuia mwanga unaoongeza mabaka kwa ngozi zetu.

Mzee Kiwiko, endelea. Nadhani najua kosa lako ni lipi.

---

KiwikoDirishani

Asante sana mfamasia. Ndiyo, nadhani umelijua.

Baada ya ile picha niliingia duka moja la vipodozi katikati ya mji. Nikamwonyesha dada wa dukani pembe ya jicho. Hakuuliza swali. Akanipa tyubu ndogo, shilingi 150, akasema, "Mzee, hii inaondoa kila kitu." Nikapaka kila usiku kuanzia mwezi wa tano, kwenye ile mikunjo na mpaka juu ya kope, kwa sababu niliona napo pamelegea.

Wiki ya tatu ngozi ilikuwa inang'aa. Rangi ilifunguka, mistari ikawa laini, abiria wangu wa kila asubuhi akaniambia naonekana nimepumzika. Nikanunua tyubu nyingine mbili. Ningemshauri mtu yeyote aipake, nawaambia kweli. Mwezi wa nane nikaanza kuona mishipa midogo myekundu pembeni mwa jicho, kama nyuzi. Ngozi ikawa nyembamba hata kitambaa cha kujifutia jasho kikawa kinauma. Siku nisiyopaka inawaka moto.

Sikwenda hospitali kwa ajili hiyo. Nilikwenda kupimwa miwani ya kusomea, maana risiti za mafuta nilikuwa nazisoma kwa mkono ulionyooka. Mpimaji akaweka kile kifaa kinachopuliza hewa kwenye jicho, akakaa kimya, akarudia. Akanituma kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Presha ya macho yangu ilikuwa 29 kulia na 27 kushoto. Ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Daktari akaniuliza, "Unapaka nini usoni?" Nikatoa tyubu mfukoni. Akasoma maandishi madogo: klobetasoli.

Klobetasoli ni steroidi, na iko katika daraja la zenye nguvu kabisa kati ya zile za kupakwa. Ni dawa halali ya magonjwa fulani ya ngozi, kwa muda mfupi, kwa maagizo ya daktari, na si ya kupakwa kwenye kope. Ukiipaka hapo muda mrefu inaikondesha ngozi, na inaweza kupandisha presha ya jicho mpaka ikaua mshipa wa fahamu wa kuona. Hiyo ndiyo glakoma, na kilichokufa humo hakirudi. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho. Na presha ya macho haiumi. Ningeendelea kuendesha watu kumi na wanne nikipoteza ukingo wa kuona kidogo kidogo bila kujua.

Niliacha kwa kufuata maelekezo ya daktari, nikapewa matone. Wiki za kwanza uso uliwaka vibaya sana, ukawa mwekundu na vipele, nikaogopa. Ukatulia. Mwezi wa kumi na moja presha ilikuwa 17 na 16, matone yakasimamishwa, na kila miezi minne narudi kupimwa. Ile mishipa myekundu bado ipo.

Nimeliandika hili kwa urefu kwa sababu najua humu ndani kuna mtu ana tyubu kama ile kwenye mkoba sasa hivi. Itoe, soma jina. Ukikuta klobetasoli, betamethasoni, au jina lolote la jamii hiyo, usikimbilie kuitupa ghafla kama umeitumia miezi mingi. Nenda kwa daktari na umwambie ukweli. Na umwombe akupime presha ya macho.

---

DukaLaDawaUsiku

Nilihisi ni hiyo. Pole sana mzee, na asante kwa kuitaja hadharani.

Niongeze mawili. Krimu nyingine hazina hata maandishi ya kusoma, zinachotwa kwenye ndoo na kuwekwa kwenye kikopo kitupu, unaambiwa ni mchanganyiko wa dukani. Hiyo usiiguse kabisa. Kenya ilishapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kujichubua, na bado tunavikuta. Pili, krimu yoyote inayokupa uso mpya ndani ya wiki mbili au tatu inapaswa kukutia hofu. Kolajeni haijengwi kwa wiki mbili.

---

Mama Zawadi

Nasoma nikiwa na machozi kidogo. Mwanangu ana ualbino, ana miaka tisa. Kwetu mambo haya si urembo. Jua likimpiga mtoto wangu mara kwa mara linaweza kumletea saratani. Kwa hiyo nyumbani tunajua kofia vizuri.

Kepu haitoshi, inakinga paji la uso tu, masikio na pembe za macho zinabaki nje. Kofia iwe na ukingo pande zote, sentimita saba au zaidi. Shikilia kofia kwenye mwanga: ukiona matundu, jua linapita. Ukienda soko la mitumba la Gikomba mapema unapata za kitambaa kizito kwa bei ya chini, nzuri kuliko mpya nyingi. Miwani iwe imeandikwa UV400, yaani inazuia miale ya urujuanimno, na iwe pana mpaka kwenye panja. Miwani nyeusi isiyo na kinga ni mbaya kuliko kutovaa, kwa sababu mboni inapanuka gizani halafu miale inaingia.

Losheni ya mwanangu hutoka kwa mpango wa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, unaowapa watu wenye ualbino losheni kupitia hospitali. Naomba jambo moja kwa mtakaosoma uzi huu: ile losheni ya mpango msiitafute kwa mlango wa nyuma. Nimewahi kuambiwa imeisha, na ninajua kuna mahali inauzwa. Ya dukani ipo, nunueni hiyo.

---

KiwikoDirishani

Mama Zawadi, nimekusikia, na nimewasomea makondakta wangu hayo maneno yako ya mwisho. Mungu akutunzie mtoto.

---

Bint Amu

Salaam kwa wote. Mimi mzaliwa wa Lamu, niko Eastleigh mwaka wa sita sasa. Kwetu bibi zetu walijipaka liwa, ule msandali uliosagwa na maji ya waridi, wakakaa kivulini barazani, na wana ngozi nzuri mpaka uzeeni. Nikija kufikiri, labda kivuli na buibui ndivyo vilivyofanya kazi kubwa, liwa ikawa ya kuburudisha. Hilo nimelifikiria leo baada ya kusoma uzi.

Ninataka kuuliza habari ya ndimu. Shoga yangu hapa anapaka ndimu na asali chini ya macho kila Ijumaa, asema inakaza ngozi. Na wanja je? Mimi haipiti siku bila wanja.

---

DukaLaDawaUsiku

Dada Bint Amu, mwambie shoga yako aache ndimu leo. Asidi ya ndimu inaiunguza ngozi nyembamba hiyo, na juisi yake ina kemikali inayoamshwa na jua. Ukitoka nje nayo ngozi inaweza kuwaka mpaka ikatoa malengelenge, halafu inaacha weusi wa miezi. Asali peke yake haina neno, inalainisha. Ute wa yai unakaza kweli, kwa sababu unakauka ukaivuta ngozi, ukinawa, umeisha. Mafuta ya nazi, ya parachichi, ya moyao (shea) kutoka Uganda yanahifadhi unyevu, na ngozi kavu hukunjika kuonekana zaidi, kwa hiyo yana faida yake, lakini hakuna hata moja linalokinga jua.

Wanja: mashaka yangu ni mawili. Ule wa mawe wa kienyeji mara nyingi una madini ya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. La pili ni namna ya kuutoa. Usiusugue. Lowesha pamba kwa mafuta, iweke juu ya jicho hadi uhesabu polepole mpaka ishirini, kisha futa kuelekea chini bila nguvu. Kufikicha macho ni chanzo kikubwa cha mikunjo na weusi, na huku Nairobi na vumbi lake watu wengi wana mzio wa macho hawajui. Ukiwashwa kila siku, tibu mzio; utakuwa umetibu na mikunjo.

Mtu ameniandikia faraghani akiuliza dawa hasa ni ipi, kama si krimu ya shilingi 150. Najibu hapa wote wasome. Katika vitu vya kupaka, chenye ushahidi mrefu kuliko vyote ni tretinoini, ndugu wa vitamini A. Ilianza kama dawa ya chunusi. Daktari Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake ndio walioonyesha miaka ya themanini kwamba inapunguza mikunjo iliyotokana na jua, kwa sababu inaichochea ngozi kutengeneza kolajeni mpya. Hiyo inahitaji daktari. Retinoli ni dhaifu zaidi, inauzwa bila cheti, na kwa eneo la macho naipendelea hiyo kwa mtu anayeanza.

Retinoli ya ukubwa wa punje ya dengu inatosha macho yote mawili. Usiku tu. Pakaa mafuta yako ya kawaida kwanza, kisha retinoli, na uiweke juu ya mfupa unaolizunguka jicho, kamwe si kwenye kope. Anza mara mbili kwa wiki. Ngozi ikichubuka pumzika, kwa sababu kwetu weusi kila mchubuko huacha doa, na hapo utakuwa umebadilisha mistari kwa mabaka. Usitegemee kitu kabla ya miezi mitatu. Sita ndiyo haki yake. Mjamzito au anayetafuta mimba asiiguse. Na bila losheni ya jua asubuhi, usijisumbue nayo.

---

Wa Westlands 29

Mimi nina miaka 29, nafanya kazi ofisini, na wenzangu wawili wameshachoma sindano pembeni mwa macho. Wamependeza kweli. Je, nichome mapema ili isije ikaingia ndani?

---

DukaLaDawaUsiku

Dada yangu, sindano hiyo si uchawi wala si uovu. Ni sumu ya botulini (Botox) kwa kipimo kidogo sana, inaulegeza ule msuli wa duara usikaze. Ilianzia kwa madaktari wa macho: Alan Scott wa San Francisco aliitumia kwa watu wenye makengeza, na Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 1989. Ya mikunjo ya pembeni mwa macho iliidhinishwa kule mwaka 2013, vizio 12 kila upande, kwa matundu matatu. Inadumu miezi mitatu au minne kisha inaisha. Kwa hiyo hesabu gharama ya mwaka, na ya miaka, kabla ya kulipia moja.

Inafanya kazi kwa mistari ya msuli. Ngozi iliyoharibiwa na jua haiitengenezi. Ikichomwa vibaya, kope hushuka kwa wiki kadhaa. Ya kujaza, ile inayowekwa chini ya jicho kama jeli, naiogopa zaidi: ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kumpofusha mtu. Leza kali nazo kwenye ngozi nyeusi huacha mabaka kama anayeishika hana uzoefu na ngozi zetu.

Ukiamua, iwe kwa daktari, na umtafute jina lake katika orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, kabla ya kulipa hata shilingi. Uone kichupa kikifunguliwa mbele yako. Saluni, hotelini, sebuleni kwa rafiki, hapana. Kwa umri wako wa miaka 29, mimi ningekuambia anza na losheni na miwani. Lakini uso ni wako.

---

Wa Westlands 29

Mmoja wao alichomewa nyumbani kwa mtu. Namwonyesha hii sasa hivi.

---

KiwikoDirishani

Nimerudi, zamu imeisha. Wengi wamenitumia ujumbe wakitaka kujua mimi sasa nafanya nini, basi hii hapa.

Asubuhi saa kumi na moja nanawa kwa maji na sabuni laini, napaka mafuta, naanza safari. Saa mbili, kabla ya mzunguko wa pili, nikiwa stejini napaka losheni. Ilinigharimu shilingi 1,400, inanitosha wiki sita. Nilikuwa nikiona haya kuipaka mbele ya watu. Sasa kondakta wangu naye ananyoosha mkono nimpimie. Saa sita narudia kulia na kushoto, na mkono wa kulia pia, maana ule nao ukiuweka kando ya wa kushoto utadhani ni wa watu wawili. Kwenye kioo cha pembeni tumebandika utando mwangavu unaozuia miale, usiotia giza, kwa idhini ya mwenye gari, na magari mawili ya sako yetu, yaani ushirika wetu wa matatu, yameiga.

Retinoli nimeanza mwezi wa pili tu, baada ya daktari wa ngozi kusema ngozi imepona steroidi. Nilitumwa kliniki ya ngozi ya hospitali ya Kenyatta, nikapanga foleni tangu asubuhi, nikahudumiwa vizuri. Mistari mirefu bado ipo. Ile midogo ya chini ya jicho imepungua, na mke wangu ndiye aliyeona kwanza.

Kilichonisaidia kuliko yote, na ambacho hakuna duka la vipodozi lingeniambia, ni miwani. Kumbe nilikuwa sioni mbali vizuri jioni. Miaka yote hiyo nilikuwa nakunja macho kusoma namba za magari na nyuso za abiria waliosimama ng'ambo, na kila nilipokunja nilikuwa naichora ile mistari. Sasa nina lenzi za kuonea mbali zinazogeuka nyeusi juani, lakini mnaotaka kununua mjue kwamba ndani ya gari hazigeuki vizuri, kwa sababu kioo cha mbele kinazuia miale inayozigeuza. Kwa usukani nilichukua jozi ya pili, ya giza, yenye kipimo changu, UV400. Usiku naiacha nyumbani.

---

Kinyozi wa Umoja

Mzee, na ile ya kuteleza puani ukitoka jasho? Hiyo ndiyo inafanya wateja wangu wa bodaboda waivue.

---

KiwikoDirishani

Mwambie fundi wa miwani akukunjie ncha za nyuma ya masikio, anazipasha moto kidogo, hachukui dakika tano, na wangu hakunitoza kitu. Ikiwa bado inateleza, vaa kamba ya nyuma ya shingo kama ya wavuvi. Wa bodaboda wachague fremu nyembamba miguuni ili iingie chini ya helmeti bila kubana, na wajaribu wakiwa wameivaa helmeti hapo hapo dukani.